Samweli Aliposikia Akiitwa

(Mazungumzo haya yalitolewa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuyasikia.)

  Kama Biblia iko karibu, fungueni pamoja nami Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa tatu. Kama mikono yenu ina kazi, msihangaike. Habari yenyewe mnaijua tangu shule ya Jumapili.

Ni usiku. Kijana Samweli amelala hekaluni. Mzee Eli amelala mahali pake, na macho yake yamekwisha kuwa hafifu. Taa ya Mungu haijazimika bado. Sauti inamwita kijana kwa jina, naye anaamka mbio kwenda kwa mzee, akidhani ni yeye aliyemwita.

Kuna jambo moja hapa ambalo mimi mwenyewe nililisoma miaka mingi bila kuliona, hata chuoni tulikofundishwa kuichambua sura hii neno kwa neno. Tumezoea kumsifu Samweli kwa kuwa alisikia. Lakini Samweli aliisikia sauti mara tatu asijue ni ya nani. Alikuwa na masikio mazuri na miguu myepesi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia rudi, ulale, utulie, usikilize tena. Mtu huyo alikuwa Eli. Na kulipokucha, Samweli alipoogopa kumweleza mzee ile habari nzito aliyopewa, Eli hakugeukia shughuli nyingine. Alimwita, akamsihi asimfiche lolote, akasikia yote mpaka mwisho, ingawa habari yenyewe ilikuwa juu ya nyumba yake.

Nasema hayo kwa sababu mwaka jana kijana mmoja alikuja kwangu na habari nzito, nami sikuisikia. Ameniruhusu nilisimulie jambo hili, ila jina lake silitaji.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada ya pili, katika parishi moja ya upande wa Kitale. Nilikuwa katika chumba cha kuvalia, kanzu imo mkononi. Kijana akabisha hodi, akaingia, akasimama karibu na mlango. Namjua tangu siku ya kipaimara chake. Alikuwa akisoma katika chuo cha ufundi, na mama yake alikuwa ameuza magunia sita ya mahindi kumlipia karo ya muhula ule. Akasema, "Mchungaji, kuna neno nataka kukuambia." Nikamwambia aketi. Alipoanza tu, simu yangu ikatetemeka juu ya meza. Ilikuwa kamati ya harambee ya paa la kanisa. Nikaitazama, nikamwambia endelea. Akaendelea maneno mawili matatu, ikatetemeka tena. Mara ya tatu niliichukua nikaandika jibu, huku nikitikisa kichwa kana kwamba nasikia. Nilipoinua macho, kijana alikuwa amekwisha kusimama. Akasema, "Ni sawa, Mchungaji. Tutaongea siku nyingine."

Mwone basi mchungaji wenu, mtu wa miaka arobaini na zaidi, anayewakemea vijana wa KAYO kila mwezi kwa sababu ya simu zao!

Baada ya majuma matatu mama yake alikuja akilia. Chuo kilikuwa kimemwambia kwamba mwanawe ameanguka mitihani yote isipokuwa mmoja, na kwamba tangu mwezi uliopita hajaonekana darasani. Nyumbani nako hayupo. Simu yake haipatikani. Mama aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mchungaji, hakukuambia kitu?"

Tulimpata, tunamshukuru Mungu. Alikuwa amekimbilia kwa bibi yake mzaa mama, kule Bungoma, nje kidogo ya soko la Chwele. Jumatatu moja nilipanda matatu kutoka Kitale, nikapita Kiminini na Kamukuywa, nikashuka nikachukua bodaboda. Niliizima simu tangu Kitale, nami nakiri kwamba mkono wangu uliitafuta mfukoni mara nyingi zaidi ya nilivyotazamia. Nilimkuta ameketi uani na bibi yake, ambaye huko tunamwita kukhu, wakipukuchua mahindi kwa mikono. Nilimwomba radhi kabla sijanywa maji. Akacheka kidogo akasema, "Ulikuwa na shughuli, Mchungaji." Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma.

Basi tukapukuchua, naye akasema. Nawapa maneno yake jinsi ninavyoyakumbuka. Alikuwa akifungua kitabu saa mbili usiku. Akifika mstari wa tatu au wa nne, mkono wenyewe ulikuwa ukienda kwenye simu, bila kuamriwa. Alijiambia atatazama video mbili tu, kisha arudi. Akiinua kichwa ilikuwa saa saba. Mchana darasani alikuwa na usingizi, na hata bila usingizi, mwalimu akisema kwa dakika kumi mfululizo, akili yake ilikuwa imekwisha kutoka nje na kurudi mara nyingi, na kila ikirudi ilikuta mwalimu amefika mbali. Mwishoni alikuwa akisoma ukurasa mmoja mara nne asibaki na kitu. "Nilidhani sina kichwa," akasema. "Nikaona aibu kumwambia mama kwamba mahindi yake yamelipia mtu asiye na kichwa."

Kijana huyu ana kichwa kizuri kabisa. Nilimwona katika darasa la kipaimara akishika kwa wiki moja mafundisho ambayo wenzake walichukua mwezi. Kilichompata kinawapata wengi, na inafaa tujue kinavyofanya kazi, maana tunapenda kuwaambia vijana kwamba ni uvivu au ni shetani, tukaishia hapo.

Sahani ya ugali ina mwisho. Ukimaliza unaiona imekwisha, unanawa mikono. Kitabu nacho kina mlango wa kwanza na wa mwisho. Lakini mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya ukurasa usio na mwisho: kila unapofika chini, mengine yanajileta yenyewe. Yeye baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Hamna mahali pa kunawa mikono. Halafu kuna jambo la mvuvi. Kama samaki angeuma ndoano kila itupwapo, mvuvi angejaza kapu na kurudi nyumbani mapema. Anakesha mtoni kwa sababu hajui samaki atauma lini. Video ya kwanza haina maana, ya pili haina maana, ya tatu inamchekesha mtu mpaka machozi, naye hajui ya nne itakuwaje. Kampuni zinazotengeneza vitu hivi hulipwa na watangazaji wa biashara kwa kadiri macho yanavyokaa hapo, kwa hiyo zimeajiri watu wenye akili nyingi kuhakikisha macho hayaondoki. Mtoto wa miaka kumi na saba kule Kiminini anashindana na watu hao peke yake, kitandani, gizani.

Kuhusu akili inayotoka na kurudi, fikirini mkulima. Anapalilia mstari wake wa mahindi, na kila dakika moja mtu anamwita barabarani kumwuliza neno dogo. Kila mwito ni mfupi, wala hauna ubaya. Lakini jioni mkulima amechoka kuliko siku zote, na mstari haujafika katikati. Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amelipima jambo la namna hii kwa miaka mingi. Mwaka 2004 alifuatana na wafanyakazi wa ofisi akiwa na saa mkononi, akaona kwamba kwa wastani mtu alikaa na jambo moja kwenye kompyuta dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia lingine. Katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani huo umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Na tafadhali mwangalie, hao ni watu wazima wenye kazi na mishahara. Tatizo hili halikuanzia kwa watoto.

Wahubiri wengine hupenda kusema kwamba uwezo wa binadamu wa kutulia umekuwa mfupi kuliko wa samaki wa kufugwa kwenye chupa. Nami niliwahi kulisema mimbarani. Halina msingi wowote, ndugu zangu, tuliache. Mungu hasaidiwi na takwimu za uongo.

Wala tusiseme kana kwamba simu ilikuja kutuharibu tu. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na leo mkulima wa Trans Nzoia anaweza kupata bei ya mahindi ya Nairobi akiwa shambani. Karo inalipwa kwa M-Pesa, na hata mama wa kijana huyu ndivyo alivyoilipa. Tena tukumbuke mwaka 2020. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, mpaka wanafunzi wote waliporudi Januari 2021, ni sisi wazazi tulioambiwa mtoto anahitaji simu ili asome. Nawajua waliouza mbuzi ili wainunue. Mtoto alipewa simu kwa upendo, tena kwa ajili ya masomo. Kisha shule zikafunguliwa, na simu ikabaki.

Turudi kwa kukhu.

Bibi huyo ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Yeye ni wa Kanisa la Marafiki, ambalo lina watu wengi pande zile, na tangu ujana wake amesoma Biblia kila jioni. Sasa haoni maandishi. Kwa hiyo mjukuu alipofika na begi lake, hakumwuliza amefuata nini. Alimwambia, "Umekuja vizuri. Mchana tutapukuchua, jioni utanisomea." Nyumba yake haina umeme. Anayetaka kuchaji simu huipeleka sokoni na kulipa, na kijana hakuwa na fedha. Basi simu ikafa mfukoni, si kwa utakatifu, bali kwa kukosa moto.

Walianza Injili ya Luka. Mlango wa kwanza wa Luka ni mrefu, una aya 80. Jioni ya kwanza kijana alisoma aya kama kumi na mbili, akasema amechoka. Hakuwa amechoka macho. Alisema ilikuwa kama kuwashwa mwilini, kama mtu aliyeketi juu ya siafu. Kukhu hakumkemea. Alisema tu, "Weka kijiti hapo tulipofika." Jioni ya pili wakaendelea, akaruka mstari bila kujua, na yule mama asiyeona akamsahihisha, kwa maana sehemu hiyo anaijua kwa moyo. Akaruka tena, akasahihishwa tena. Ikawachukua jioni nne kuumaliza mlango mmoja. Nilipofika mimi walikuwa wamekwisha kumaliza Luka nzima na kuingia Matendo ya Mitume, na usiku ule nilimsikia kwa masikio yangu akisoma milango mitatu kwa sauti moja tulivu, taa ya mafuta ikiwa kati yao.

Nilipomsikia, nilimkumbuka Eli na macho yake hafifu.

Jambo jingine aliniambia njiani akinisindikiza. Mzee mmoja wa jirani alikuwa amefariki, na siku ya tatu baada ya kumzika, Wabukusu walimwita mzee msemaji aje kufanya kumuse, yaani hotuba ya kuwafariji na kuwaonya waliobaki. Sisi wa Kanisa tuna maswali yetu juu ya baadhi ya mila, na leo siyagusi. Lakini aliyewahi kuhudhuria anajua jinsi ilivyo. Msemaji anatembea huku na huku peke yake uwanjani, anataja koo na vizazi, anafumba na kufumbua, na watu wanakaa kimya. Hakuna anayekatiza mbele yake. Kijana aliketi tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, katikati ya vijana wenzake, na anasema kwamba hakukumbuka simu hata kidogo. "Nilikuwa najua nikikosa neno, sitalipata tena," akasema.

Basi uwezo haukuwa umekufa. Nawaambia wazazi mnaosema "mtoto wangu ameharibika kabisa", ngojeni kwanza. Kutulia ni kama msuli wa mguu uliokaa kitandani muda mrefu. Unauma ukianza kutumiwa, na wengi huacha siku ya kwanza kwa sababu ya maumivu hayo, wakidhani ndiyo dalili kwamba hawawezi.

Lakini nawauliza pia, mtoto atasimama mbele ya nani ili asikilizwe? Nimeingia nyumba nyingi za Wakristo wakati wa chakula cha jioni. Baba ana simu, anafuata habari za siasa. Mama ana simu, kikundi cha akina mama kinajadili michango. Mtoto anaeleza jambo la shule, anajibiwa "mm", anajibiwa tena "mm", kisha anatoa ya kwake. Ndipo tunapoanza kusema kwamba vijana wa siku hizi hawasikii. Eli alikosa kwa wanawe mwenyewe, Maandiko hayafichi hilo. Hata hivyo kwa kijana wa mtu mwingine, katika usiku ule mmoja, alijua la kufanya. Nalipenda neno hilo, maana linatuachia nafasi sisi tuliochelewa.

Na sisi wahubiri tusijitoe. Yule kijana Eutiko alisinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, na hakukuwa na simu Troa. Paulo alikuwa amehubiri mpaka usiku wa manane.

Katika parishi yetu tumejaribu jambo dogo. Likizo ya Agosti vijana walikusanyika kanisani, wakaweka simu zote katika kikapu kimoja, na tukasoma Injili ya Marko kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, tukipokezana. Huchukua saa moja na nusu hivi. Simu yangu ndiyo iliyotangulia kikapuni, na vijana walihakikisha. Mara ya kwanza wengine walitoka nje mara mbili tatu, wakisema wanakwenda msalani. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa mzee wa kanisa, alisema baadaye kwamba amesikia vipande vya Marko maisha yake yote, na ndiyo mara ya kwanza kuijua kama habari moja inayokwenda mahali. Tulifanya tena Desemba. Walikuja wachache kuliko Agosti, lazima niseme kweli, ila waliokuja hawakutoka nje.

Yule kijana amerudi chuoni. Anarudia mwaka, na mama yake ameuza mahindi mengine. Kwa shauri lake mwenyewe usiku huiacha simu kwa mwenye nyumba anakopanga, ambaye ni mzee mkali na hairudishi kabla ya asubuhi. Mwezi uliopita alinipigia saa ya chakula cha mchana. Alisema kwamba mwenye nyumba alisafiri kwa siku mbili, na kwamba siku zote mbili alikesha tena na video mpaka alfajiri, naye anaogopa kuwa ameanza upya. Nilikuwa kwenye mkutano wa kamati ya paa. Nilitoka nje, nikaketi juu ya jiwe nyuma ya kanisa, nikamwambia aniambie yote. Alisema kwa muda mrefu, nami nilimsikiliza mpaka alipomaliza. Paa bado linavuja.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyemwita mtoto kwa jina lake usiku, wakumbuke vijana wetu wa Kitale na Bungoma ambao usiku wa leo watakuwa macho wakiangalia mwanga mdogo gizani. Mkumbuke kukhu na macho yake. Utupe sisi wakubwa muda wa kuketi, na masikio ya kungojea mpaka neno limalizike. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.